Vespa ya mjomba inavuja oili: kabla hujafungua injini, pima kwanza

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mikindani na nafundisha Mtwara mjini. Mjomba wangu, aliyekuwa bwana shamba wa korosho upande wa Newala, aliniachia Vespa yake, PX 150. Ilikaa stoo miaka mingi chini ya magunia. Mwaka jana nikaifufua: nikabadilisha tairi, plagi na waya, ikawaka. Tangu hapo inavuja. Kila asubuhi barazani kuna doa la oili la ukubwa wa kisahani. Fundi wa kwanza aliipaka silikoni nyekundu kwa chini, ikatulia siku tatu. Wa pili anasema injini ifunguliwe yote. Wa tatu anasema Vespa zote zinavuja, nijaze oili nzito ya difu na niendelee na maisha. Moshi mweupe umezidi, hata injini ikishapata moto, mpaka wanafunzi wananiita gari la kupulizia mbu. Juzi nimeona tairi la nyuma limelowa mafuta kwa ndani, na breki ya nyuma haishiki ingawa nimekaza waya. Oili ya giaboksi naongeza kila baada ya wiki mbili. Nimsikilize nani? Na je, niendelee kwenda nayo kazini?"

Marahaba, mwalimu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisilosubiri: kesho panda daladala. Doa la barazani halinitishi, na moshi tutaufikia. Kinachonitisha ni tairi. Oili iliyofika kwenye tairi kwa ndani imeshapita kwenye ngoma ya breki, na lineni, yaani vile vibamba vinavyosugua ngoma, zikishakunywa oili hazishiki hata ukikaza waya mpaka ukatike. Mabonde na vilima vya njia ya Mikindani unavijua kuliko mimi. Hutaki kujifunza habari ya breki huko ukiwa na bajaji mbele yako imesimama ghafla kupakia abiria.

Sasa mafundi wako watatu. Kila mmoja ana robo ya ukweli, na hakuna hata mmoja aliyepima. Wa silikoni aliona oili imelowa pale akapaka pale. Wa kufungua injini huenda akawa sahihi, ila hakukuonyesha kwa nini. Huyo wa tatu ndiye ninayemwogopa, kwa sababu ushauri wake una kaukweli ndani yake: ni kweli mashine hizi hudondosha tone moja mawili kwa usiku, na wapo tuliozizeesha hivyohivyo. Lakini tone mawili si kisahani, na mashine inayovuja haiongezewi oili ya difu.

Nikisoma maelezo yako, sioni uvujaji mmoja. Naona angalau mitatu, kila mmoja na njia yake, na imekuchanganya kwa sababu yote inaitwa "oili." Kwa hiyo kabla ya kuuliza inatoka wapi, tujue kwanza ni oili gani.

Aliyezoea bodaboda anajua oili moja tu. Unaimimina, inalainisha injini, klachi na gia, ikizeeka unaimwaga. Vespa ya zamani haiko hivyo. Ndani ya lile bonge la alumini kuna vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Chumba cha kwanza ni cha pistoni na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na humo hakuna dimbwi la oili kabisa. Kinacholainisha ni oili ya 2T inayoingia pamoja na petroli, kisha inaungua na kutoka kwa ekzosi. Chumba cha pili ni cha gia na klachi, na humo ndimo inamokaa oili unayoongeza kila wiki mbili. PX inataka mililita 250 za oili hiyo. Nusu ya chupa ya maji ya nusu lita, basi. Ni kidogo sana, na ndiyo maana ikipungua kidogo tu umeshapoteza sehemu kubwa.

Ukuta kati ya vyumba hivyo una tundu krenki inapopita kwenda kushika klachi. Tundu hilo limezibwa na duara la mpira lenye mdomo mwembamba unaobana chuma huku kinazunguka: sili ya upande wa klachi. Upande wa pili wa krenki, kulia, chini ya feni ya sumaku, kuna sili nyingine kama hiyo. Hizi mbili ndizo moyo wa habari yote.

Kwa nini? Kwa sababu chumba cha krenki kinapumua. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija. Ikishuka, kinapuliza ule mchanganyiko wa petroli upande juu ukaungue. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni kuvuta na kupuliza mara 50 kila sekunde. Sasa chukua mpira uliokaa stoo miaka mingi bila kuzunguka, mdomo wake umekakamaa kama kandambili iliyosahaulika juani, halafu uuambie uhimili hilo.

Sili ya klachi ikishindwa, chumba cha krenki kinapovuta kinanyonya oili ya giaboksi. Oili hiyo inaungua, moshi mweupe mzito unatoka, na giaboksi inakauka bila tone kuanguka chini. Wakati mwingine inakuwa kinyume: chumba kinapopuliza, mchanganyiko wa petroli unapenya kwenda kwenye gia, na mtu anashangaa oili yake imeongezeka. Nimekutana na mzee mmoja aliyefurahi kwamba Vespa yake "inajitengenezea oili." Ilikuwa inanuka petroli kama kituo cha mafuta.

Sili ya upande wa sumaku ni jambazi la kimyakimya. Nje yake hakuna oili, kuna hewa tu. Ikichoka, injini inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inapata moto kupita kiasi na inakosa ulainisho. Moshi hauongezeki. Doa hakuna. Siku moja unaenda zako, pistoni inavimba na kung'ang'ania kwenye silinda, na tairi la nyuma linagoma kuzunguka.

Hilo limenipata mwenyewe, njia ya kutoka Mtwara kuja Lindi, karibu na Mingoyo. Wiki nzima nilikuwa naona resi ikichelewa kushuka nikiachia mkono, nikajiambia ni waya umekauka, nitaupaka grisi Jumamosi. Jumamosi haikufika. Kilichoniokoa ni mazoea ya kuweka vidole viwili juu ya klachi muda wote. Tairi lilipogoma nikabana, nikaserereka mpaka ukingoni mwa barabara, nikasukuma. Mtu wa kulaumiwa pale alikuwa mimi. Tangu siku ile sijali sana mashine inayolowesha sakafu. Naijali inayopandisha resi yenyewe.

Turudi kwako. Nataka ufanye vipimo viwili nyumbani, havihitaji gereji.

Cha kwanza ni cha chupa. Simamisha Vespa kwenye stendi yake, iwe wima. Iwashe hapo uani dakika tano oili ilainike, izime, kisha fungua nati ya kumwagia oili iliyo chini ya injini na ukinge kwa beseni safi. Iache idondoke nusu saa, unywe chai. Kisha mimina ile oili kwenye chupa ya maji ya nusu lita uone imefika wapi. Inuse. Isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa nyepesi kama maji na inanuka petroli, umeshapata ushahidi mkubwa dhidi ya sili ya klachi. Ikiwa na ungaunga unaong'aa kidogo, usishtuke, klachi na gia huacha hivyo. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihesabu ni jambo jingine. Ikiwa imezidi nusu chupa bila harufu ya petroli, basi umekuwa ukijaza kupita kiasi, na hilo peke yake linatosha kuisukuma oili itokee kwenye ekseli ya nyuma na kwenye kitundu cha kupumulia. Naliuliza hilo kwa sababu umesema "naongeza," hukusema "napima."

Weka oili mpya mililita 250 zilizopimwa, si kwa macho. Breki ikishatengenezwa, nenda nayo kazini siku tano. Mikindani na Mtwara mjini kwenda na kurudi ni kama kilometa 20 na ushei, kwa hiyo wiki ya shule inakupa kilometa 100 hivi. Usiku weka kopo chini ya lile tone, ukusanye kinachodondoka. Jumamosi mwaga tena, pima tena, jumlisha na cha kwenye kopo. Wewe ni mwalimu, hesabu hii sikufundishi. Kama kilichopungua kinalingana na kilicho kwenye kopo, uvujaji wako ni wa nje na injini haihitaji kufunguliwa. Kama kimepungua sana kuliko cha kwenye kopo, kilichobaki kimepita kwa ekzosi, na fundi wako wa pili alikuwa sahihi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kazi ya alasiri moja na kazi ya siku tatu.

Kipimo cha pili ni cha kutafuta chanzo cha uvujaji wa nje. Oili husafiri. Inatoka juu, upepo unaipeleka nyuma, inateremka kwenye mbavu za alumini na kudondokea sehemu ya chini kabisa, na hapo ndipo fundi wa silikoni anapopaka. Injini ikiwa imepoa, ioshe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, mbali na jiko, uondoe uchafu wote wa miaka. Ikaushe kwa kitambaa, kisha uinyunyizie poda ya mtoto sehemu zote za chini na za upande wa klachi. Izungushe mtaani polepole dakika kumi, kwa breki ya mbele, mahali pasipo na watu. Ukirudi, utaona mchirizi mweusi kwenye weupe, na mwanzo wa mchirizi ndio chanzo. Usitumie unga wa muhogo badala ya poda. Nimeona kijana kafanya hivyo akaiacha pikipiki usiku kucha. Asubuhi alikuta panya wameutengeneza waya wa taa upya.

Kwa PX iliyokaa muda mrefu, nitakuambia ninapoangalia kwanza. Naangalia mkono wa klachi, kile kidude chini ya mfuniko wa klachi ambapo waya unaishia. Una kioringi kidogo cha mpira ambacho hukauka, na nusu ya madoa ya barazani niliyowahi kuitiwa yalikuwa ya hapo. Ni kitu cha bei ndogo. Unatoa tairi la nyuma, unafungua mfuniko, unabadilisha oringi zote mbili, ya mkono na ya mfuniko, bila kushusha injini. Kisha naangalia washa, ile pete bapa ya nati ya kumwagia. Ikiwa imebonyea, weka mpya, na usikaze kwa hasira: nati ni chuma, nyumba yake ni alumini, na hesi zikiliwa hapo umejitafutia kazi ya fundi wa tona, mchonga vyuma. Kiboksi cha gia, pale zinapoingia waya mbili za gia, kina gasketi inayochoka pia. Ekseli ya kiki nayo ina oringi yake.

Na kuna kitundu cha kupumulia cha giaboksi, kwa juu. Oili ikipata moto hewa ya ndani hutanuka na lazima itoke mahali. Kitundu kikiziba, hewa hiyo inasukuma oili kwenye kila mpira dhaifu. Mashine ikikaa stoo huku kwetu, nyigu wa udongo hawaachi tundu. Zaidi ya mara moja nimetoa kiota humo kwa waya mwembamba na "uvujaji" ukaisha palepale, mwenye mali akabaki kuniangalia kama mganga.

Matone mengine si ya giaboksi kabisa. Uchafu mweusi wa kunata pale ekzosi inapoungana na silinda ni 2T isiyoungua, unaudhi macho tu. Majimaji mepesi yenye rangi ya 2T na harufu ya petroli, yakitokea kwenye boksi la kabureta, yanasema sindano ya boya haifungi au koki ya petroli inapitisha. Na mafuta yanayoteremka kwenye shokomzoba ya nyuma ni ya shokomzoba yenyewe. Usije ukafunguliwa injini kwa kosa la jirani.

Habari ya tairi lako: hiyo ni sili ya ekseli ya nyuma. Kwenye PX inabadilishwa bila kufungua injini. Tairi linatoka, pini na nati kubwa ya ekseli zinatoka, ngoma inatoka, lineni na bamba la breki vinatoka, na sili unaiona mbele yako. Ila kabla ya kununua sili pima oili kwanza, maana giaboksi iliyojazwa kupita kiasi, au iliyozibwa na nyigu, itaisukuma na hiyo mpya. Lineni zilizolowa zitupe. Najua wapo wanaoziosha kwa petroli na kuzianika. Juu zinaonekana kavu, breki ikipata moto oili iliyojificha ndani inapanda tena. Ngoma yenyewe ioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kazi hii kama huna spana kubwa ya nati ya ekseli, mpelekee fundi ukae naye. Nati ile ikikazwa nusunusu, ngoma inacheza na kula meno ya ekseli, na pini lazima iwe mpya.

Sasa moshi. Umesema unaendelea hata injini ikishapata moto, na hilo ni neno la maana. Injini ya 2T hutoa moshi asubuhi, zote hutoa, na ukilala na koki wazi petroli inaweza kuchuruzika mpaka chumba cha krenki, ikayeyuka na kuacha 2T chini, ukiwasha unafunika mtaa mzima. Moshi wa namna hiyo unaisha kabla hujavuka kilometa mbili tatu. Kwa hiyo anza na mambo ya bure: funga koki kila unapoegesha, wiki moja, uone. Kisha jiulize unachanganyaje. Asilimia 2 ndiyo kipimo, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli, mililita 100 kwa lita 5. Wengi huongeza "kwa sababu mashine ni ya zamani." Uzee wake hauhusiani na hesabu hiyo. Tena baadhi ya PX zina tenki lake la 2T chini ya siti, lenye kijidirisha cha kioo cha kuangalia, na pampu inachanganya yenyewe. Kama yako ina kijidirisha, na pampu haijawahi kung'olewa, na wewe bado unachanganya kwenye petroli, unailisha mara mbili.

Ukishayaondoa hayo mawili na moshi ukabaki palepale, huku giaboksi inapungua kuliko kopo linavyosema, basi ninaituhumu sili ya klachi kwa nguvu. Toa plagi uitazame baada ya safari: ikiwa nyeusi na imelowa, inakubaliana na tuhuma. Ikiwa nyeupe kavu kama chokaa, acha habari ya klachi, geukia upande wa sumaku, na usiiendeshe. Dalili nyingine za upande huo ni resi inayokawia kushuka, injini inayopanda yenyewe ikiwa imesimama, na injini kutulia ghafla ukivuta choki. Ikikupandia mikononi na kugoma kuzima kwa swichi, vuta choki. Isipozima, bana breki ya mbele, ingiza gia ya 4 na uachie klachi, itakufa.

Gereji yenye uzoefu inaweza kukuondolea shaka bila kufungua kitu: wanaziba njia ya kabureta na ya ekzosi kwa mpira wa tyubu na vibamba, wanashusha pistoni chini, wanasukuma hewa kidogo kupitia tundu la plagi, chini ya nusu baa, kisha wanatazama kama geji inashuka. Wakifungua nati ya kujazia oili ya giaboksi na kusikia pumzi, ni sili ya klachi. Povu la sabuni likitoka chini ya feni, ni ya sumaku. Fundi anayejua kipimo hiki usimwache.

Ikithibitika ni ya klachi, sitakuficha: kwenye PX sili hiyo haifikiki kutoka nje. Injini inashushwa na kugawanywa vipande viwili. Na ikishagawanywa, kubadilisha sili moja tu ni ubahili wa hasara. Weka sili zote tatu, mbili za krenki na ya ekseli, beringi za krenki, oringi na gasketi zote, na utazame msalaba wa gia, kile kichuma chenye ncha nne kinachochagua gia. Ncha zikiwa mviringo, gia zitaanza kuruka mwezi ujao na utagawanya injini tena. Sehemu ya krenki inapokaa sili ipapase kwa ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, au chumvi ya pwani yetu imeacha vidonda vya kutu, sili mpya haitadumu hapo.

Spea hutazipata Mtwara kirahisi. Sili huandikwa namba tatu usoni: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Mtumie mtu Kariakoo namba hizo, au sili yenyewe, irudi na basi. Lakini mwambie wazi kwamba sili mbili za krenki zinakaa kwenye petroli na moto. Anunue za mpira unaostahimili petroli. Sili ya kawaida ya vipimo hivyohivyo itaingia vizuri kabisa na itakufa mapema.

Ukitafuta mtu wa kuifungua, usimuulize ametengeneza Vespa ngapi, kila mtu ametengeneza nyingi. Muulize atatoaje sumaku, na atatoaje nati ya klachi. Sumaku ina pula yake, kifaa cha kuing'olea, na nati ya klachi ina vipengele vinavyotaka kifunguo maalumu. Akijibu tindo na nyundo, mshukuru uende. Na mwombe asitumie bisibisi kutenganisha vipande vya injini karibu na njia ya kuingizia petroli. Hapo PX haina vali. Uso laini wa alumini na duara la krenki ndio vali yenyewe, vinapishana kwa nafasi ndogo mno. Mkwaruzo mmoja hapo na injini haitawaka vizuri tena hata ukiweka sili za dhahabu.

Je, unaweza kuchelewesha kazi hiyo? Ndiyo, kama ni sili ya klachi peke yake, breki imeshatengenezwa, na kila Jumamosi unapima na kurudisha mililita 250. Nimewaona watu wakisubiri hivyo mpaka pesa ya korosho itoke. Plagi itachafuka, ekzosi itajaa masizi, wanafunzi wataendelea kukucheka. Usichelewe kama oili ya giaboksi inanuka petroli, maana petroli inaosha beringi za gia. Na kama ni ya upande wa sumaku, usichelewe hata siku moja. Hiyo kwa bahati inabadilishwa bila kugawanya injini, ikiwa pula ipo.

Oili ya difu isahau. Klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya giaboksi, na oili nzito inafanya sahani zake zisiachane sawasawa, gia ziingie kwa makelele. Tafuta SAE 30 ya kawaida. Ukiikosa, oili ya bodaboda ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA inafaa, kwa sababu imetengenezwa kwa klachi inayolowa, mimi huitumia. Oili za magari madogo zenye sifa za kupunguza msuguano ziache, klachi itateleza.

Na ile silikoni nyekundu, ibandue kabla ya kipimo cha poda, la sivyo itakuficha chanzo. Tumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa, si bisibisi, alumini ya injini hiyo ni laini. Ukifungua kiboksi cha gia tazama kama nyuzi zake zimeingia ndani, uzitoe moja moja.